KDS ya 12, 18 na 20: kwa nini nimepata 360 badala ya 180?

Mwanzisha uzi

Habari zenu, wanajukwaa. Naomba msaada katika jambo ambalo limenisumbua tangu jana jioni. Nilikuwa nikipitia kazi ya hesabu ya binti yangu, na swali mojawapo liliwataka wanafunzi watafute Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha 12, 18 na 20. Nikalifanya mwenyewe pembeni kwa njia ya jedwali ili nipate jibu la kulinganisha na lake.

Nilianza kwa kugawanya kwa 6, kwa kuwa 6 inagawanya 12 na 18 bila baki, na 20 nikaishusha kama ilivyo kwa sababu haigawanyiki kwa 6. Mstari wa pili ukawa 2, 3, 20. Nikagawanya kwa 2, nikapata 1, 3, 10. Nikagawanya kwa 3, nikapata 1, 1, 10. Nikarudia 2, nikapata 1, 1, 5, kisha nikamaliza kwa 5 na mstari wote ukawa moja tupu. Zao la namba zilizokaa kushoto ni 6 × 2 × 3 × 2 × 5, yaani 360.

Jibu la kitabu ni 180, na binti yangu amelipata kwa kuorodhesha vigawe tu. Nimehakiki kwamba 360 inagawanyika kwa namba zote tatu, kwa hiyo ni kigawe cha shirika, ila si kile kidogo. Kila hatua ya kugawanya niliyoifanya ni sahihi, na sioni nilipokosea.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, katika jedwali la KDS hugawanywa kwa namba tasa peke yake, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, nayo 6 si tasa. Anza na 2: unapata 6, 9, 10. Kwa 2 tena: 3, 9, 5. Kwa 3: 1, 3, 5. Kwa 3 tena: 1, 1, 5. Kwa 5: 1, 1, 1. Zao ni 2 × 2 × 3 × 3 × 5 = 180.

Mwanzisha uzi

Nashukuru, na kanuni hiyo sasa naikumbuka. Hata hivyo, bado haijaniambia sababu. Swali lililotangulia lilikuwa la 18, 30 na 42, nami nikaanza vilevile na 6, nikapata 3, 5, 7, kisha nikazidisha 6 × 3 × 5 × 7 na kupata 630, ambalo ndilo jibu la kitabu. Ikiwa kugawanya kwa 6 ni kosa, kosa hilo limewezaje kunipa jibu sahihi katika swali moja na kuniangusha katika swali linalofuata?

Mchangiaji wa pili

Swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza, na nitalijibu kwa urefu kidogo, kwa sababu katika miaka niliyofundisha hesabu nimeona watu wengi wakikariri jedwali bila kujua linahesabu nini.

Tuziandike namba zako kwa vigawo vyake tasa. Namba 12 ni 2 × 2 × 3, namba 18 ni 2 × 3 × 3, na namba 20 ni 2 × 2 × 5. Kigawe chochote cha 12 ni lazima kiwe na 2 mbili na 3 moja ndani yake, ama sivyo 12 haitakigawanya. Kwa namna hiyohiyo, kigawe cha 18 kinadai 2 moja na 3 mbili, na kigawe cha 20 kinadai 2 mbili na 5 moja. Sasa tunatafuta namba moja itakayotimiza madai yote matatu kwa gharama ndogo kabisa. Hapo ndipo penye siri yote: 2 mbili zinazodaiwa na 12 zinaweza kuwa zilezile zinazodaiwa na 20. Hakuna haja ya kumnunulia kila mdai 2 zake. Tunachukua 2 mbili, 3 mbili na 5 moja, kila mdai anaridhika, na zao ni 180.

Jedwali ni njia ya kufanya hesabu hiyo bila kuandika vigawo tasa vya kila namba pembeni. Kila unapoandika 2 upande wa kushoto, unasema kwamba umeweka 2 moja katika jibu, na papo hapo unamfutia deni la 2 hiyo kila mdai anayeihitaji, wote kwa mkupuo mmoja. Sasa tazama ulichokifanya. Ulipoandika 6 uliweka katika jibu 2 moja na 3 moja kwa pamoja, ukazifuta katika 12 na katika 18. Namba 20 haikuwa na 3, kwa hiyo uliiruka, lakini ilikuwa na 2, na kwa kuiruka ulikosa kuifutia 2 ambayo tayari ulikuwa umeiweka katika jibu. Ndiyo maana 20 ilishuka na deni lake kamili la 2 mbili, na baadaye ikakulazimu uandike 2 mara mbili nyingine ili kulimaliza. Jibu lako lina 2 tatu, moja ikiwa ya ziada, na 360 ni mara mbili ya 180 kwa sababu hiyo tu.

Katika 18, 30 na 42 hali ilikuwa tofauti. Zote tatu zinagawanyika kwa 6, kwa hiyo hakuna iliyorukwa na hakuna deni lililosahauliwa. Ukitaka kuepuka kukariri bila sababu, kanuni ya uhakika ni hii: namba isiyo tasa inaweza kutumika bila hofu iwapo inagawanya kila namba iliyomo katika mstari. Ikiwa kuna hata namba moja utakayoishusha kama ilivyo, shuka kwa namba tasa. Mimi kwa mkono hutumia 10 au 6 mwanzoni pale zinapogawanya zote, kwa sababu hufupisha kazi, lakini siwafundishi hivyo wanaoanza.

Mchangiaji wa tatu

Naongeza kosa la upande wa pili, ambalo nami nimeliona mara nyingi. Mtu hugawanya kwa 2, anapata 6, 9, 10, anaona kwamba hakuna namba tasa inayogawanya zote tatu, anaacha hapo na kuzidisha 2 × 6 × 9 × 10. Anapata 1,080. Huyu amechanganya na utaratibu wa Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS), ambao kweli husimama pale ambapo hakuna tena kinachogawanya namba zote. Katika KKS angechukua ile 2 ya kushoto peke yake, na 2 ndiyo KKS ya namba hizi. Katika KDS kazi huendelea mpaka mstari wote uwe wa moja.

Mchangiaji wa nne

Mimi si mtu wa hesabu, ni mtu wa lugha, lakini naomba nichangie kuhusu majina yenyewe, kwa sababu ninaamini nusu ya mkanganyiko inatokana na herufi moja. Maneno kigawo na kigawe yanatofautiana kwa irabu ya mwisho tu, na wanafunzi huyaona kama ndugu pacha. Kumbe lugha yetu imeyapanga vizuri sana.

Nomino nyingi zinazoishia na -e kutokana na vitenzi humtaja mwenye kutendwa: mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa. Kwa hiyo kigawe ni kile kinachogawiwa. Kwa upande mwingine, kizibo huziba na kifuniko hufunika, kwa hiyo kigawo ni kile kinachogawa. Namba 6 ni kigawo cha 18 kwa kuwa inaigawa, na 18 ni kigawe cha 6 kwa kuwa inagawiwa nayo. Anayeshika jambo hilo hahitaji tena kubahatisha kama KDS ya 12 na 18 ni 6 au 36.

Kinachobaki kuwa na utata ni kivumishi. Kigawe kidogo hakipungui kamwe chini ya namba kubwa iliyotajwa katika swali, na kigawo kikubwa hakizidi kamwe ile ndogo. Mtoto anayesikia neno kidogo akaandika namba ndogo amefuata sikio lake, na simlaumu.

Mchangiaji wa tano

Nina swali ambalo huenda likaonekana la utani. Sifuri inagawanyika kwa 12, kwa 18 na kwa 20, bila baki yoyote. Kwa nini basi KDS ya namba zote isiwe 0?

Mchangiaji wa pili

Si utani hata kidogo. Sifuri ni kigawe cha kila namba, na kwa sababu hiyohiyo haitupi habari yoyote kuhusu namba tulizopewa. Ndiyo maana fasili kamili husema kigawe cha shirika kilicho kidogo kuliko vyote *miongoni mwa vile vilivyo vikubwa kuliko sifuri*. Vitabu vingi huliacha neno hilo nje kwa kudhani kwamba linaeleweka.

Mchangiaji wa sita

Kwa nini mnahangaika na majedwali? Zidisha namba zote, kisha gawanya kwa KKS. Kwa 12 na 18, zao ni 216, KKS ni 6, na 216 ÷ 6 = 36. Imekwisha.

Mchangiaji wa pili

Kwa namba mbili uko sahihi kabisa, na njia hiyo ni bora kuliko zote namba zinapokuwa kubwa. Kwa namba tatu, hapana. Jaribu 4, 6 na 10. Zao ni 240, KKS ni 2, na 240 ÷ 2 ni 120, ilhali KDS ni 60.

Sababu ni ileile ya madeni. Ukizidisha namba mbili, sehemu wanayoshirikiana inaingia mara mbili, na kugawanya kwa KKS kunaiondoa mara moja, kwa hiyo inabaki mara moja kama inavyotakiwa. Zinapokuwa tatu, ile 2 inayoshirikiwa na wote imeingia mara tatu, na kuigawanya mara moja kunaacha mbili. Tena zipo sehemu zinazoshirikiwa na wawili tu, ambazo KKS ya watatu haizioni kabisa. Katika 12, 18 na 20 fomula yako ingetoa 4,320 ÷ 2 = 2,160, mbali sana na 180.

Dawa ni kwenda wawiliwawili. Tafuta KDS ya 4 na 6, ambayo ni 12, kisha KDS ya 12 na 10, ambayo ni 60. Mpangilio hauna madhara. Unaweza kuanza na jozi yoyote. Utaratibu huu ni mkongwe: Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki aliyeishi yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliueleza katika kitabu cha 7 cha Elements, kwanza kwa namba mbili katika pendekezo la 34 na kisha kwa tatu katika pendekezo la 36. Hakutumia vigawo tasa. Alichukua uwiano wa namba mbili katika hali yake ndogo kabisa na kuzidisha kimshazari: 12 kwa 18 ni sawa na 2 kwa 3, kwa hiyo 12 × 3 na 18 × 2 zote ni 36. Mimi huipenda njia hii kwa sababu inaonyesha mahali vigawe vya pande mbili vinapokutana, yaani kigawe cha tatu cha 12 na kigawe cha pili cha 18.

Mchangiaji wa saba

Naomba nionyeshe kwa nini Euclid bado anahitajika. Tafuteni KDS ya 1,147 na 1,271 kwa jedwali. Mtajaribu 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23 na 29, namba tasa kumi, na hakuna hata moja itakayogawanya yoyote kati ya namba hizo mbili. Wengi watakata tamaa na kuzizidisha.

Kwa njia ya mabaki kazi ni ya mistari mitatu. Toa 1,147 katika 1,271, baki ni 124. Gawanya 1,147 kwa 124: inaingia mara 9, baki ni 31. Gawanya 124 kwa 31: inaingia mara 4, hakuna baki. Baki la mwisho lisilo sifuri ndilo KKS, yaani 31. Sasa 1,271 ÷ 31 ni 41, na 1,147 × 41 ni 47,027. Hiyo ndiyo KDS.

Zingatieni kwamba niligawanya kwanza, kisha nikazidisha. Kwa mkono ni kupunguza jasho tu, lakini katika kompyuta ni suala la usahihi. Namba kamili inayohifadhiwa kwa biti 32, yenye alama ya chanya au hasi, haiwezi kuzidi 2,147,483,647. Ukiandika programu inayozidisha 60,000 kwa 48,000 kabla ya kugawanya, zao ni 2,880,000,000, ambalo halimo katika nafasi hiyo, na programu inaweza kukuletea jibu la ajabu bila kulalamika. Ukigawanya 60,000 kwa KKS ya 12,000 kwanza, unapata 5, na 5 × 48,000 ni 240,000. Jibu lenyewe lilikuwa dogo muda wote. Ni njia iliyopita juu sana.

Mwanzisha uzi

Nimeelewa kuhusu deni lililosahauliwa, na nimemweleza binti yangu kwa maneno hayohayo. Sasa amenirudishia swali jingine. Kitabu chao kina mfano wa kengele tatu zinazolia kila baada ya dakika 12, 18 na 20, na kinasema zitalia pamoja tena baada ya saa 3. Anauliza: itakuwaje kama hazikuanza pamoja?

Mchangiaji wa pili

Mwambie huyo binti kwamba ameuliza jambo ambalo mwandishi wa swali alipaswa kulieleza. Dakika 180 ni muda wa kutoka kukutana kumoja hadi kukutana kwingine. Hauahidi kwamba kukutana kwa kwanza kutatokea.

Chukua kengele mbili, moja ya kila dakika 4 na nyingine ya kila dakika 6. Ya kwanza ilie dakika ya 0, kisha 4, 8, 12 na kuendelea. Ya pili ianze dakika ya 1, kisha 7, 13, 19. Ya kwanza hulia katika namba shufwa tu, ya pili katika namba witiri tu, na hazitakutana hata zikilia milele. Chanzo ni KKS yao, ambayo ni 2. Tofauti ya nyakati za kuanza isipogawanyika kwa KKS, hakuna kukutana. Ikigawanyika, zitakutana, na tangu hapo zitakutana kila baada ya KDS. Ikiwa KKS ni 1, kama kwa 4 na 9, zitakutana tu hata zianze vipi.

Mchangiaji wa nane

Jambo hilo limo katika kalenda za kale. Wachina waliunganisha mzunguko wa majina 10 na mzunguko wa majina 12, yote mawili yakisogea hatua moja kwa pamoja. Mtu angetarajia jozi 120, lakini mzunguko hujirudia baada ya 60, ambayo ndiyo KDS, na zile jozi 60 nyingine hazitokei kamwe. Ni kengele zile za shufwa na witiri kwa sura nyingine. Wamaya nao walikuwa na hesabu ya siku 260 na mwaka wa siku 365. KKS ni 5, kwa hiyo tarehe ya pande zote mbili hurudi baada ya siku 260 × 73, yaani 18,980, ambazo ni miaka 52 kamili ya siku 365.

Mchangiaji wa tano

Na katika kujumlisha sehemu? Nilifundishwa kuzidisha asili mbili, yaani namba za chini, na kuendelea.

Mchangiaji wa kwanza

Inafaa, ila utarahisisha mwishoni. Kwa 5/12 + 7/18, ukitumia 36 unapata 15/36 + 14/36 = 29/36 moja kwa moja. Ukitumia 216 unapata 174/216, kisha unatafuta 6 ya kugawanya juu na chini. Ile 6 ni KKS uliyokwepa kuitafuta mwanzoni.

Mchangiaji wa saba

Kwa binti wa mwanzisha uzi, kwa kuwa anaonekana kupenda kuuliza: namba gani ndogo kabisa hubakiza 1 ikigawanywa kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 5 na kwa 6, lakini hugawanyika kwa 7 bila baki?

Mwanzisha uzi

Tumekaa nayo mezani pamoja. Yeye ndiye aliyeona kwamba ukiitoa ile 1 inabaki namba inayogawanyika kwa zote tano, yaani kigawe cha 60. Kwa hiyo tuliandika 61, 121, 181, 241, 301 na kuzijaribu moja baada ya nyingine kwa 7. Nne za kwanza zilibakiza 5, 2, 6 na 3. Ya tano ni 7 × 43. Jibu letu ni 301.

Nilitaka kuishia hapo, lakini ameniambia kwamba inayofuata ni 721, bila kuandika orodha. Nilipomuuliza ameipataje, alisema ameongeza KDS ya 60 na 7.